Phantom ya Uingereza kutoka seti mbili na vipande vya rezini (1/48): nianze kukata wapi?

FundiWaKizingo

Waungwana, salamu kwenu nyote.

Nina kazi mezani ambayo kwa miezi mitatu sasa naizunguka bila kuigusa. Nakusudia kuunda modeli ya plastiki ya Phantom FGR.2, ndege ya kivita ya Jeshi la Anga la Uingereza, katika kipimo cha 1/48 (yaani mara 48 ndogo kuliko ndege halisi), ikiwa na rangi za kijivu za miaka ya 1980, ya Skwadroni ya 56 iliyokuwa kambi ya Wattisham. Ndugu yangu aishiye Uingereza aliniletea seti ya kampuni ya Hasegawa ya F-4J (Phantom ya jeshi la majini la Marekani) ambayo haijafunguliwa, seti nyingine kuukuu ya F-4D (Phantom ya jeshi la anga la Marekani) iliyopoteza karatasi ya maelekezo na baadhi ya vipande, na mfuko wa vipande vya rezini, ile plastiki ngumu ya kumiminwa kwenye kalibu, wa kuigeuza F-4J iwe ndege ya Kiingereza. Ndani ya mfuko huo mna midomo miwili ya kuingizia hewa pamoja na mashavu yake, sehemu ya chini ya kiwiliwili kuanzia nyuma ya mabawa, mapua mawili ya kutolea moto, na kile kisanduku kidogo kinachokaa juu ya pezi la mkia.

Maelekezo ya rezini ni ukurasa mmoja wenye mishale na neno la kuamuru nikate. Hayasemi kama nikate juu ya mstari wa bati uliochorwa kwenye plastiki au niache ziada. Nimezoea kuunganisha plastiki kwa plastiki, na gundi yangu ya kawaida haiigusi rezini kabisa. Nilijaribu kwenye kipande cha kutupa, kikabanduka kama stika. Isitoshe, nilipoweka shavu la rezini karibu na kiwiliwili, niliona ni jembamba kidogo kuliko plastiki, nusu milimita hivi upande mmoja.

Mpango wangu ni kutumia F-4J yote isipokuwa sehemu zitakazobadilishwa, na ile F-4D iwe ya kuchukulia magurudumu na makombora. Naomba mwongozo kabla sijaharibu plastiki ambayo sitaipata tena kwa urahisi nikiwa hapa Mombasa.

MsasaMaji

Ndugu Fundi, umefanya vyema kuuliza kabla ya msumeno kushuka.

Kwanza ielewe ndege yenyewe, kwa sababu ukijua kwa nini Waingereza waliigeuza hutababaika kuhusu wapi pa kukata. Phantom za Kimarekani zilitumia injini mbili za J79. Waingereza walitaka ndege itakayoweza kuruka kutoka manowari zao za kubebea ndege, zenye sitaha fupi kuliko za Marekani, na pia walitaka viwanda vyao vipate kazi, hivyo wakaagiza iwekewe Rolls-Royce Spey. Injini hiyo ni nene zaidi na inavuta hewa nyingi zaidi, kwa hiyo midomo ya kuingizia hewa ikapanuliwa kwa takriban asilimia 20, na tumbo la nyuma likashushwa na kunenepeshwa ili injini ienee. Kwa hiyo mabadiliko yote makubwa yako kwenye njia ya hewa, tangu mdomoni hadi kwenye pua ya moto. Mbele ya midomo hiyo, yaani chumba cha marubani na pua ya rada, F-4J yako inafaa karibu kama ilivyo. Viti vyake ni vya Martin-Baker vya aina ya H7, na Waingereza nao walitumia jamii hiyo hiyo, hivyo usipoteze fedha kutafuta vingine.

Sasa kukata. Usikate juu ya mstari. Unene wa msumeno wenyewe unakula robo ya milimita au zaidi, na katika kipimo cha 1/48 kila milimita ni karibu sentimita tano za ndege halisi, kwa hiyo kosa litaonekana. Kata ukiacha ziada ya milimita moja, kisha uisugue kwa msasa uliobandikwa kwenye kibao kilichonyooka, huku ukipachika rezini bila gundi kila baada ya misuguo michache. Kazi hii itakuchosha, lakini ndiyo kazi yenyewe. Tena, punguza plastiki ili ilingane na rezini, wala usifanye kinyume chake, maana mistari ya mabati kwenye rezini imekwisha kupangwa ikutane na mistari fulani ya plastiki. Ukiisugua rezini unaisogeza mistari hiyo na hutaweza kuirudisha.

Kuhusu shavu kuwa jembamba: rezini husinyaa inapoganda, na kila kalibu husinyaa kivyake. Nusu milimita si ajabu. Usijaze tofauti hiyo kwa puti upande wa nje, kwani utafuta mistari yote ya eneo hilo. Lisukume shavu nje kwa kubandika vipande vya plastiki upande wake wa ndani. Kadi ya benki iliyokwisha muda ina unene wa milimita 0.76, ukiisugua kidogo utapata kile unachohitaji.

Kabla ya yote hayo, osha rezini kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu hutoka kwenye kalibu ikiwa na mafuta ambayo hayakubali gundi wala rangi. Kama kipande kimepinda, kitumbukize kwenye maji ya moto, kinyooshe kwa vidole, kisha kipoze kwenye maji baridi. Na unaposugua, sugua kwa maji na uvae barakoa. Vumbi la rezini likiingia mapafuni halitoki, na mimi kwa hili sina mzaha: nilifanya kazi hiyo kavu kwa miaka miwili nikiwa kijana, na kikohozi nilichokipata sikukipenda.

BintiKarakana

Nakubaliana na Mzee MsasaMaji kwa mengi, lakini kuna jambo ambalo hakuligusa, nalo ndilo litakaloamua kama utakuwa umeunda FGR.2 au mseto usiokuwapo.

Kaka Fundi, usitumie mabawa madogo ya mkia ya F-4J. Yatazame vizuri: kwenye ukingo wa mbele yana kipande chembamba kilichoachana na bawa kwa mwanya. Mwanya huo uliwekwa ili mkia ushike hewa vizuri ndege inapotua taratibu kwenye manowari. FG.1, ambayo ni Phantom ya jeshi la majini la Uingereza, ilikuwa nao. FGR.2 ilijengwa kwa ajili ya jeshi la anga, haikukusudiwa kutua manowarini, na mabawa yake ya mkia hayana mwanya. Yako wapi mabawa ya namna hiyo? Yamo ndani ya ile F-4D unayotaka kuichinja kwa ajili ya magurudumu. Basi seti hiyo ina thamani kuliko ulivyodhani, mradi vipande hivyo viwili viwe miongoni mwa vilivyosalia.

Lakini usichukue pua ya F-4D, hata kama itakutamanisha kwa uzuri wake, maana kwa chini ina uvimbe ambao ndege za Kiingereza hazikuwa nao. Pua iwe ya F-4J, mkia uwe wa F-4D, na njia ya hewa iwe ya rezini.

Kuhusu kuacha ziada, hapo natofautiana kidogo na Mzee. Ushauri wake ni sahihi kwa mashavu ya mbele, ambako mstari ni mfupi na umenyooka. Kwa tumbo la nyuma, ambako mkato ni mrefu na unapinda, mimi huchora mstari kwa kubandika utepe mgumu, kisha napitisha ncha ya kisu kilichogeuzwa mgongo mara thelathini au arobaini hadi plastiki iachie yenyewe. Hakuna unene wa msumeno wa kuogopa, na ukingo hutoka safi kiasi kwamba msasa unahitajika kwa dakika chache tu. Tahadhari yake ni moja: usikaze mkono mwanzoni. Mikwaruzo mitano ya kwanza iwe miepesi sana, kwa sababu ndiyo inayotengeneza njia, na ikipotoka, zote zinazofuata zitaifuata.

Gundi: kwa viungo vidogo supaglu inatosha. Ina udhaifu wa kutovumilia kugongwa kwa upande, hivyo kwa tumbo la nyuma tumia gundi ya epoksi ya mirija miwili, nayo itakupa nafasi ya kusogeza kipande kabla haijashika. Toboa matundu kwa keekee ya mkono na uingize pini za waya wa shaba, nne au tano. Ukijaza mianya kwa supaglu, isugue ndani ya saa moja. Ukiiacha hadi kesho yake itakuwa ngumu kuliko plastiki iliyo kando yake, na msasa utachimba plastiki huku gundi ikibaki imesimama kama tuta.

Chubwi

Nami niongeze jambo la uzito, kwa kuwa limenipata.

Rezini ya tumbo la nyuma ni kipande kizito, na mapua ya moto ni mazito pia, nayo yote yako nyuma ya magurudumu makuu. Modeli yangu niliimaliza, nikaipaka rangi, nikaisimamisha kabatini, ikakaa kitako kama mbwa. Nilitoboa pua iliyokwisha pakwa rangi ili kuingiza risasi za kuvulia, jambo ambalo simtakii mtu.

Kwa hiyo kabla hujafunga kiwiliwili, kiunganishe chote kwa utepe, rezini ikiwemo, kisha kilaze juu ya penseli mahali penye magurudumu makuu. Ongeza chubwi ndani ya pua ya rada mpaka kiinamie mbele bila kusita, halafu ongeza moja zaidi. Zibane kwa epoksi, kwani supaglu huachia na utazisikia zikicheza ndani kila unapoigeuza ndege. Chungulia pia miguu ya magurudumu: ni ya plastiki, na uzito huu wote unaikalia. Wapo wanaobadilisha kwa miguu ya chuma cheupe, nami safari ijayo nitafanya hivyo.

NdegeZaJioni

Samahani kwa kuingilia, lakini nataka kumpa ndugu yetu njia ya kujinusuru, iwapo ataona moyo hauko tayari kwa msumeno.

Mwaka 1984 Uingereza ilinunua F-4J 15 zilizokuwa za jeshi la majini la Marekani, kwa sababu baadhi ya Phantom zake zilikuwa zimepelekwa kulinda visiwa vya Falkland na pengo likabaki nyumbani. Ziliitwa F-4J(UK), zikakabidhiwa Skwadroni ya 74 hapo hapo Wattisham, na zilibaki na injini zake za J79. Maana yake ni kwamba seti yako ya F-4J, bila rezini, bila mkato wowote na kwa mabawa yake ya mkia yenye mwanya, inaweza kuwa Phantom halali ya Uingereza ya miaka ile ile unayoitaka. Utahitaji stika tu na uangalifu wa rangi, kwa kuwa zilipakwa Marekani kwa rangi za huko zilizokaribiana na za Uingereza, na kijivu chake kina mwelekeo wa kibuluu.

BintiKarakana

Hilo ni kweli kabisa, Ndugu NdegeZaJioni, ila usimpe mtu mlango wa kutokea wakati tayari ameshika utepe. F-4J(UK) ni ndege nzuri, lakini ukiitazama kwa nyuma haina lile tumbo zito la Spey, na naamini tumbo hilo ndilo lililomfanya Kaka Fundi aipende FGR.2.

MsasaMaji

Dada BintiKarakana amenisahihisha kuhusu mabawa ya mkia, nami nashukuru. Nilimezwa na midomo ya hewa nikasahau mkia. Kuhusu kisu mgongo kwa tumbo la nyuma, nitaijaribu njia hiyo.

Nimalizie la rangi, kwa sababu litaathiri mpangilio wa kazi. Eneo la kiwiliwili lililo juu na kando ya mapua ya moto halikupakwa kijivu. Ni chuma kitupu kilichoungua kwa joto. Sasa, mkato wako kati ya rezini na plastiki unapita karibu na hapo, na rangi ya chuma haifichi kitu: kila mkwaruzo na kila kiputo cha rezini utakiona. Pulizia praima (rangi ya msingi) ya kijivu kwanza, zungusha modeli chini ya taa, ziba, sugua, pulizia tena. Mimi huridhika baada ya mara ya tatu au ya nne. Viputo vidogo vizibe kwa supaglu iliyonyunyiziwa magadi ya kuokea, ambayo huganda papo hapo.

FundiWaKizingo

Nawashukuru nyote, na hasa Dada BintiKarakana kwa kuniokoa na mkia wa manowari.

Nimeipekua ile seti ya F-4D usiku huu. Mabawa ya mkia yote mawili yapo, moja likiwa limevunjika ncha, jambo ninaloweza kulitengeneza kwa kipande cha plastiki na msasa. Nimeosha rezini, na shavu la kulia, ambalo nilidhani limesinyaa, kumbe lilikuwa limepinda; baada ya maji ya moto tofauti imebaki chini ya robo ya milimita. La kushoto ndilo jembamba kweli, na kadi yangu ya benki ya zamani imekwisha kukatwa vipande.

Nimefunga utepe kwenye tumbo la nyuma na kupitisha mgongo wa kisu mara kumi, kwa mkono mwepesi kama mlivyoagiza. Njia imenyooka. Nimeacha hapo kwa leo kwa sababu umeme umekatika, na sitaki kuifuata njia hiyo kwa mwanga wa simu.

Mzee Chubwi, kesho asubuhi napita sokoni kwa wauza nyavu. Je, pua yako ilihitaji gramu ngapi?

Chubwi

Yangu ilishika kwa gramu 30, lakini rezini yangu haikuwa ya mtengenezaji huyo huyo. Nunua 50, upime kwa penseli.