Wrigley au Fenway: baa ipi kabla ya mechi, na albamu gani ya kuondoka nayo?

Mtoto wa Mbagala

Habari zenu wakuu. Mwezi wa saba shemeji yangu anakuja kututembelea kutoka Dar, yeye na mkewe. Shemeji ni mtu wa mpira, Mnyama damudamu, na ameshasema akitua Marekani anataka kuiona besiboli kwa macho yake. Kanuni za mchezo hazimhangaishi, nitamweleza hapohapo. Anachotaka ni kuona mashabiki wa huku wanaishije siku ya mechi: wanakutana wapi, wanakula nini, wanaimba nini.

Nina Jumamosi moja tu ya kumpa, na nimebaki na machaguo mawili: Wrigley Field ya Chicago au Fenway Park ya Boston. Vyote ni viwanja vya kale, Fenway ulifunguliwa 1912 na Wrigley 1914, na vyote vimejengwa katikati ya mtaa wa watu, siyo pembeni ya barabara kuu na bahari ya maegesho.

Kwa Chicago nimeorodhesha Murphy's Bleachers, Cubby Bear na Nisei Lounge. Kwa Boston, Cask 'n Flagon na Bleacher Bar. Mwenye uzoefu anisaidie kulinganisha. Na jambo la pili: shemeji hukusanya albamu, popote aendapo hurudi na moja. Nataka nimnunulie inayohusiana kweli na uwanja atakaouona, siyo ya kuokota uwanja wa ndege.

Kitwana Clark Street

Mkuu, mlete Chicago bila kufikiri mara mbili.

Mnapanda treni ya Red Line, mnashuka kituo cha Addison, na uwanja uko hapo hapo. Hakuna kutafuta. Murphy's Bleachers iko kona ya Waveland na Sheffield, inatazamana na geti la majukwaa ya nyuma, yale wanayokaa mashabiki wenye sauti kubwa. Zamani ilikuwa Ray's Bleachers, na kikundi cha mashabiki walioitwa Bleacher Bums mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuwa na maskani yao pale. Ukikaa nje saa mbili kabla ya mechi utawaona wazee wa miaka sabini wamevaa jezi namba 14 wakibishana na vijana. Na barabarani Waveland wapo watu wanaosimama na glavu mkononi mechi nzima, wanangoja mpira uliopigwa ukavuka ukuta wa uwanja. Shemeji ataelewa ushabiki ni nini kwa dakika tano.

Kitu kimoja kinachofanya baa za pale ziwe tofauti: Wrigley haukuwa na taa hadi Agosti 1988. Miaka yote hiyo mechi za nyumbani zilichezwa mchana, kwa hiyo mtaa mzima ulijifunza kufungua mapema na kusherehekea juani. Hadi leo mechi ya saa saba mchana siku ya Ijumaa ndiyo tamu kuliko zote. Kama unaweza kuhamisha Jumamosi yako iwe Ijumaa, hamisha.

Cubby Bear iko kona ya Clark na Addison, uso kwa uso na lile bango jekundu la uwanja. Ni kubwa, ina jukwaa la muziki, lakini siku ya mechi inajaa hadi humsikii mwenzako. Nzuri kwa kijana. Kwa shemeji wa heshima aliyekuja na mkewe, mimi ningempeleka Murphy's mapema, kisha uwanjani.

Albamu: *Let's Play Two* ya bendi ya Pearl Jam, ilitoka 2017. Imerekodiwa palepale Wrigley Agosti 2016, miezi michache kabla Cubs, timu ya Wrigley, hawajachukua ubingwa wao wa kwanza tangu 1908. Mwimbaji wao, Eddie Vedder, alizaliwa Evanston, jirani kabisa, na ni shabiki wa Cubs tangu utoto. Jina la albamu ni maneno ya Ernie Banks, mchezaji wa kwanza mweusi wa Cubs, aliyefika 1953 na kupiga mipira 512 ya kuvuka ukuta katika maisha yake. Hali ya hewa ikiwa nzuri alikuwa anasema tucheze mechi mbili badala ya moja. Jezi namba 14 niliyoitaja hapo juu ni yake. Alifariki Januari 2015, hakuuona ubingwa.

Bi Mwanaidi

Assalaam aleikum nyote. Naomba niseme kwa niaba ya mke wa shemeji, maana naona mmeshapanga safari yote bila kumuuliza.

Mimi situmii kilevi, na nimekwenda baa za pande zote mbili na familia. Kwangu Boston inashinda kwa sababu moja: Bleacher Bar. Iko chini ya majukwaa ya Fenway, upande wa katikati ya uwanja, mlango uko mtaa wa Lansdowne. Zamani kilikuwa chumba cha timu ngeni cha kujifunzia kupiga. Tangu 2008 ni baa, na ukutani kuna uwazi mkubwa wenye wavu, unatazama moja kwa moja kwenye nyasi za uwanja. Huhitaji tikiti. Unaagiza sandwichi na soda, unaona wachezaji mbele yako.

Siku ya mechi foleni ni ndefu, na meza za dirishani hazishikwi na kundi moja mechi nzima, kila mtu apate nafasi. Kwa hiyo ushauri wangu: nendeni siku isiyo na mechi, au asubuhi. Mtakaa kwa utulivu, shemeji atauona ule ukuta wa kijani wa upande wa kushoto, una mita 11 na zaidi, na mtamweleza mchezo taratibu huku uwanja uko mbele yake. Sijaona darasa bora kuliko hilo.

Cask 'n Flagon iko kona ya Lansdowne na Brookline Avenue, nyuma ya ukuta huohuo. Ipo tangu 1969. Picha za wachezaji zimejaa kutani, chakula kingi, lakini ni pa kelele.

Kitwana Clark Street

Dada Mwanaidi, hoja yako nimeipokea. Hata Wrigley asiyetaka baa ana pa kukaa: pembeni ya uwanja kuna kiwanja cha nyasi, Gallagher Way, watoto wanacheza na wakubwa wanakula. Ila dirisha kama hilo la Bleacher Bar hatuna, nakubali.

Mzee wa Worcester

Vijana, mnazungumzia baa zilizopo. Niruhusuni niwaambie ya baa iliyokwisha, kwa sababu bila hiyo hamuwezi kuelewa albamu wala mtaa wa Lansdowne.

Kabla Fenway haujajengwa, timu ya Boston ilicheza uwanja wa Huntington Avenue. Karibu na hapo palikuwa na baa ya bwana mmoja wa Kiayalandi, Michael McGreevy. Aliiita Third Base, kwa kuwa katika besiboli kituo cha tatu ndicho cha mwisho kabla mchezaji hajafika nyumbani, na ile baa ilikuwa kituo cha mwisho kabla mtu hajarudi kwake. Wabishi walipozidi, McGreevy aligonga kaunta na kutangaza kwamba yamekwisha, na yakawa yamekwisha. Wateja wake ndio waliokuwa kundi la ushangiliaji lililoitwa Royal Rooters. Walikuwa na bendi na nyimbo, na walisafiri na timu.

Mwaka 1903 ilichezwa World Series (fainali ya ubingwa wa besiboli) ya kwanza ya zama hizi, Boston na Pittsburgh, bingwa ni wa kwanza kushinda mechi tano. Pittsburgh wakatangulia 3 kwa 1. Royal Rooters wakachukua wimbo wa jukwaani uliokuwa unavuma, *Tessie*, wakabadilisha maneno kumkera nyota wa Pittsburgh, Honus Wagner, wakauimba bila kupumzika. Boston wakashinda mechi nne mfululizo, wakawa mabingwa. Waswahili tunaujua mchezo huu vizuri sana: mipasho ya taarabu imewahi kumtoa mtu ukumbini. Wale waliifanya uwanjani.

Pombe ilipopigwa marufuku nchi nzima mwaka 1920, baa ikafungwa. Picha zake za besiboli McGreevy alizikabidhi maktaba ya umma ya Boston, na hadi leo ziko huko. Shemeji wako anaweza kuziona, na hapo hakuna bia wala kelele, Bi Mwanaidi.

Sasa albamu. Bendi ya Boston, Dropkick Murphys, ambao muziki wao ni roki ya kasi yenye filimbi za Kiayalandi, waliurudisha *Tessie* mwaka 2004 kwa maneno mapya yanayowasimulia Royal Rooters na baa ile. Vuli hiyohiyo Red Sox, timu ya Fenway, wakachukua ubingwa baada ya miaka 86. Sisemi wimbo ndio ulioleta kombe, lakini ukiwa Boston mwaka ule usingethubutu kumwambia mtu vinginevyo. Wimbo huo umo kwenye *The Warrior's Code* ya 2005. Ila ya kumnunulia shemeji ni *Live on Lansdowne*, iliyotoka 2010. Ilirekodiwa mtaa huohuo wa Lansdowne, ng'ambo ya ukuta wa Fenway, na unasikia watu wakiimba kila neno. Kwa anayekusanya albamu, hiyo ni kama kubeba mtaa wenyewe.

Jambo moja lazima lisemwe, na Kitwana amelikaribia alipomtaja Ernie Banks. Cubs walimpokea mchezaji mweusi 1953. Red Sox walikuwa timu ya mwisho ya ligi kuu kufanya hivyo: Pumpsie Green, 1959, miaka kumi na miwili baada ya Jackie Robinson, mweusi wa kwanza wa ligi kuu ya zama hizi. Mmiliki wa wakati huo alikuwa Tom Yawkey, na barabara ya mbele ya uwanja ikapewa jina lake. Mwaka 2018 ikarudishiwa jina la zamani, Jersey Street, na 2019 kituo cha treni kikaacha jina hilo, kikawa Lansdowne. Mimi hushuka hapo na treni ya kutoka Worcester. Mwelezeni shemeji hayo pia. Mgeni mweusi anayekaa kwenye majukwaa yale ana haki ya kujua.

NyotaNjema

Shikamoo Mzee. Nimejifunza mengi.

Mimi narudi Chicago kwa upande wa muziki, kwa sababu naona mmeupita mlango muhimu. Mtaa wa Clark, hatua chache kaskazini mwa Wrigley, kuna ukumbi wa Metro, upo tangu 1982. Bendi ya Smashing Pumpkins walipiga onyesho lao la kuagana pale Desemba 2000. Chini ya Metro kuna Smartbar, moja ya nyumba za kale za muziki wa house, na house imezaliwa Chicago. Jirani yake kuna GMan Tavern, baa ndogo, taa hafifu, wanaoingia ni watu wa muziki kuliko watu wa jezi. Mechi ya mchana ikiisha, mnakula, halafu usiku mnahamia muziki bila kupanda gari. Boston ina kumbi za muziki pia Lansdowne, sikatai, lakini mseto huu wa Clark kwangu ni wa pekee.

Kuhusu Nisei Lounge: iko Sheffield, tangu 1951, iliyoanzishwa na Wamarekani wenye asili ya Japani. Ni baa ya wenyeji, haina mapambo. Watawapa Malört, pombe ya Chicago yenye uchungu wa mwarobaini. Shemeji asilazimishwe.

Na timu ikishinda, msiondoke haraka uwanjani. Bendera nyeupe yenye herufi W hupandishwa na watu wote huimba *Go Cubs Go*, wimbo wa mwanamuziki Steve Goodman wa 1984. Goodman alifariki Septemba mwaka huohuo, siku nne kabla Cubs hawajafuzu hatua ya mtoano waliyoisubiri tangu 1945.

Jumbe wa Baltimore

Napita tu. Kama mtakuja Camden Yards, uwanja wa Baltimore, siku nyingine: baa ya baba yake Babe Ruth, nyota wa kale wa besiboli, ilikuwa mahali ambapo leo ni uwanja wenyewe, upande wa katikati. Wengine mnatafuta baa jirani na uwanja, sisi uwanja umekaa juu ya baa.

Mtoto wa Mbagala

Mzee wa Worcester, shikamoo. Dada Mwanaidi, nimemuuliza mke wa shemeji kama ulivyonikumbusha. Amechagua Boston, kwa ajili ya lile dirisha na zile picha za maktaba. Basi ni Fenway.

Kitwana, mechi za mchana zimeniingia akilini na *Let's Play Two* nitamnunulia pia. Safari ijayo, Inshallah, ni zamu yako. NyotaNjema, wewe utatupokea GMan.

Swali la mwisho: Ijumaa jioni tukifika, twende Lansdowne au tulale?

Mzee wa Worcester

Marahaba. Laleni. Jumamosi asubuhi shukeni kituo cha Lansdowne, mzunguke uwanja kwa miguu kabla watu hawajajaa, mkale Bleacher Bar wakifungua tu. Pasipoti za wageni wako ziwe mfukoni, mlangoni huulizwa umri hata mwenye mvi. Baada ya nusu ya kwanza ya awamu ya 8 kati ya 9 uwanja mzima huimba *Sweet Caroline* ya Neil Diamond, kwa hiyo mtu asiende kutafuta soda dakika hizo. Nitumie ujumbe ukishanunua tikiti, nikuambie majukwaa yapi yana nguzo mbele, maana Fenway ni ya 1912 na nguzo zake ni za kizamani.