Tupeane uzoefu: Ulipohamia ugenini, nyumba mpya ilikupokeaje?

Wakuu, habari zenu.

Mada za kwenda kuishi nje ni nyingi, na karibu zote zinaishia uwanja wa ndege: visa, tiketi, mkataba wa kazi, mzigo kilo ngapi. Ni sawa, yana umuhimu wake. Lakini mtu anayeanza maisha ugenini huhangaika zaidi ndani ya nyumba kuliko ofisini. Maji, umeme, hewa, funguo, majirani, usiku wa kwanza kwenye chumba kisicho hata na pazia. Hayo ndiyo yanayomfanya aipende nchi au aichoke kabla hajaijua, na ni wachache wanaoyasema.

Uzi huu ni wa waliokwisha kuhama, iwe kikazi, kimasomo au kwa kumfuata mwenzi. Andikeni yaliyowakuta nyumbani, mabaya na mazuri, na msifupishe sana. Kuna mtu atausoma akiwa amekaa juu ya sanduku lake.

Naanza mimi. Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa inalia. Kila baada ya dakika moja hivi, "pii", halafu kimya. Mchana huisikii, usiku haulali. Tulizima friji, tukazima simu, tukatega sikio kwenye mita ya umeme. Mzee wa nyumba ya pili alipokuja kutusalimia aliisikia akiwa bado mlangoni, akanyoosha kidole darini: king'ora cha moshi, betri inaisha. Akarudi kwake, akaleta betri na ngazi, akapanda mwenyewe. Mpaka leo yule mzee ni ndugu yetu. Nawaomba jambo moja: wapo wanaoking'oa kifaa hicho ili wapate usingizi. Usifanye hivyo. Weka betri mpya, bonyeza kitufe cha majaribio, usikie kinalia.

#2

Ahsante kwa uzi, mkuu. Langu ni kuvu.

Tulifika wakati wa baridi kali na tulijifungia kama familia yoyote ingefanya. Nguo tulianika sebuleni, maana hapakuwa na pengine. Asubuhi vioo vya madirisha vinatiririka maji hadi mbao za chini zinalowa. Siku moja nikasogeza kabati la watoto nitafute soksi iliyodondokea nyuma, nikakuta ukuta una madoa meusi yenye manyoya, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Sweta la shule lililokuwa limegusa ukuta lilinuka udongo mbichi. Wakati huo mdogo wetu alikuwa anakohoa kila usiku, na sote tulijua ni baridi tu.

Mwenye nyumba alisema kosa ni letu. Fundi aliyekuja ndiye aliyetueleza kiungwana. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi. Ikigusa ukuta wa baridi, mvuke hugeuka maji, na hapo ndipo kuvu huota. Kuoga, kupika, kuanika nguo, hata pumzi za watu wanne waliolala usiku kucha, vyote vinaongeza mvuke ndani. Akatuambia tufungue madirisha wazi kabisa kwa dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni, hita zikiwa zimezimwa, kisha tufunge. Kuacha upenyo mdogo mchana kutwa kunapoza kuta na kupoteza joto, wala hewa haibadiliki vizuri. Kabati lisibanwe kwenye ukuta wa nje. Liachiwe nafasi ya upana wa kiganja hewa ipite. Tulinunua pia kipima unyevu, kidude kidogo cha kuweka mezani. Kikipita asilimia 60, tunafungua.

Ukuta tuliusugua wenyewe, tumevaa glavu na barakoa. Kikohozi cha mtoto kilipungua. Mimi si daktari na siwezi kusema ilikuwa kuvu peke yake, ila mwenye mtoto wa pumu asisubiri: unyevu na kuvu ndani ya nyumba huchochea pumu.

#3

Upande wa umeme nitasema kwa ufupi. Adapta inabadilisha umbo la plagi tu, umeme unabaki uleule. Zipo nchi za volti 220 hadi 240, na zipo za volti 100 hadi 127, kama Marekani na Japani. Soma maandishi madogo kwenye kifaa. Chaja nyingi za simu na kompyuta zimeandikwa 100–240V, hizo hazina shida popote. Vifaa vya kutoa joto, yaani pasi, birika na mashine ya kukaushia nywele, viache ulikotoka, maana vinakula wati nyingi na vingetaka transfoma kubwa na nzito.

Mke wangu alibeba blenda ya marehemu mama yake. Kule tulikohamia volti ni ndogo, basi ikawa inazunguka polepole, haisagi kitu. Tungeweza kununua mpya siku ileile, lakini hakutaka. Nilimtafutia transfoma inayolingana na wati zake. Jioni ilipowaka na kutoa mngurumo wake tuliouzoea, aliisikiliza kwanza bila kuweka kitu ndani. Kuna vitu havipimwi kwa bei, mkuu akibeba asichekwe.

#4

Mimi nilimfuata mume wangu. Yeye alikuwa na ofisi, wenzake, kitambulisho chenye jina lake. Mimi nilikuwa na nyumba. Ilikuwa nzuri, ina mwanga, siwezi kuisema vibaya. Lakini asubuhi mlango ukishafungwa nabaki nasikiliza friji.

Nikaanza kusafisha vilivyo safi. Maji ya bomba kila mtu alisema yanafaa kunywa. Mimi nayachemsha, nayachuja, nayachemsha tena. Mashuka nabadilisha kila kukicha. Fundi akichelewa nusu saa natetemeka kwa hasira. Wazazi wakipiga simu, "Hamjambo huko?" "Hatujambo, tuko salama." Na simu ikikatika nakaa kwenye ngazi.

Kilichonitoa ni kutembea. Nilijipangia kutoka nje kila asubuhi, saa ileile, njia ileile, hata kama sina ninachofuata. Mama mmoja wa pale kituo cha basi akaanza kunitikisia kichwa, baadaye kunisalimia. Kuna wiki niliugua sikutoka. Nilipopita tena akaniuliza nilikuwa wapi. Dada zangu mliofuata wenzi wenu, sijui niseme vipi mnielewe: mtu mmoja kuulizia uko wapi kulinifanya nijione na mimi ni mkazi.

#5

Dada #4, pole sana, na ahsante kwa kuyasema. Hayo uliyopitia yanafahamika tangu zamani. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliandika mwaka 1960 kuhusu mshtuko wa utamaduni, na miongoni mwa dalili alizozitaja ni kunawa mikono kupita kiasi, wasiwasi uliozidi kuhusu maji ya kunywa, chakula na matandiko, na hasira kubwa kwa ucheleweshaji mdogo. Alieleza pia kwamba mwanzoni mgeni hufurahia kila kitu, uzito unakuja baadaye, maisha halisi yakianza. Kwa hiyo aliyefika akicheka na sasa analia, hajadhoofika.

Ila kama hulali, huli, na kuamka kumekuwa mzigo wiki baada ya wiki, nenda kwa daktari. Usingoje mwenzi wako ndiye agundue.

#6

Kwangu mimi siku ya kukabidhiwa funguo inazidi zote. Kabla hujaingiza hata begi, piga picha kila chumba, kila ufa, kila doa, ndani ya oveni, chini ya sinki. Piga picha mita za umeme, maji na gesi, namba zionekane. Zitume kwa mwenye nyumba au wakala kwa baruapepe siku hiyohiyo ili tarehe ijioneshe.

Niliingia nyumba ambayo mpangaji aliyetangulia aliacha deni la umeme, nikaletewa mimi. Nilituma picha ya mita, deni likafutwa bila kelele. Mwenzangu wa kazini alidaiwa hivyohivyo, hakuwa na picha, akalipa. Iliniuma kama vile ni yangu.

Lingine: usitume amana kwa nyumba ambayo wewe au mtu wako hamjaiona kwa macho. Ukiambiwa mwenye nyumba yuko nchi nyingine na atakutumia funguo kwa posta ukishalipa, huo ni wizi. Bora ukae chumba cha muda.

Na kama umenaswa pale ambapo benki inataka anwani na mwenye nyumba anataka akaunti, omba mwajiri au chuo barua ya kukutambulisha. Kwangu ndiyo iliyofungua njia.

#7

Naongezea kwa #1. Nyumba yenye boila (mtambo wa kupasha maji) au hita ya gesi iwe pia na king'ora cha kaboni monoksaidi. Gesi hiyo ni sumu, na haina rangi wala harufu. Nyumba nzima ikiumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, halafu wote mkipata nafuu mkitoka nje, msirudi kulala. Tokeni, pigeni simu ya dharura.

#8

Wakuu nawasoma tangu jana. Naondoka karibuni na mke na watoto wawili. Kwa vitu vya ndani, nibebe nini? Na kuhamisha watoto shule katikati ya mwaka, kukoje?

#1

Karibu sana, ndugu yangu. Fungasha begi moja la usiku wa kwanza, lisichanganywe na mengine: shuka na taulo za kila mtu, sabuni, tochi, dawa mnazotumia pamoja na cheti cha daktari, nakala za nyaraka, adapta moja na ekstensheni ya nyumbani. Adapta moja mkichomeka ekstensheni inawatosha kuchaji simu zote, ila msiitumie kwa birika wala pasi.

Watoto waache wachague wenyewe kitu kimoja kutoka vyumba vyao, hata kama wewe unakiona takataka. Kikae kwenye begi hilohilo, kitoke kabla ya kitu kingine chochote.

Mkifika, ulizeni mambo matatu kabla wakala hajaondoka: maji yanafungiwa wapi, umeme unakatiwa wapi, na mlango ukijifunga kwa upepo nani ana ufunguo wa akiba.

Kuhusu kuhamisha watoto shule katikati ya mwaka sina uzoefu. Mwenye nao ajitokeze, #8 anasafiri hivi karibuni.