Postgres inauawa na signal 9, koneksheni zote zinakatika

Muuliza: Wakuu msaada, seva ya Linux ina RAM giga 16, Postgres (programu ya database) inapiga kazi fresh tu ila ripoti kubwa ikianza koneksheni ZOTE zinakatika, kwenye logi naona prosesi moja imeuawa na signal 9 (amri ya kuua prosesi papo hapo) halafu database inajirikava. work_mem (memori ya kufanyia kazi za kweri, yaani maombi ya data) niliweka 256MB ili kweri ziende haraka. Shida nini?

Jibu 1: Hiyo ni kernel (kiini cha Linux) mkuu, RAM ikiisha inachagua wa kuua, cheki dmesg (logi ya kernel) utaona aliyeuawa. Wengine wanakatwa kwa sababu shared buffers (memori ya pamoja ya Postgres) ni ya wote, mmoja akifa kifo hicho Postgres haiamini tena kilichomo, inafukuza kila mtu na kuanza upya. Data iliyokomitiwa (iliyokwisha thibitishwa kuhifadhiwa) haipotei usihofu

Jibu 2: 256 ndo mchawi wako. work_mem sio ya seva nzima wala ya koneksheni, ni ya kila sort (kupanga data) au hash (jedwali la kutafutia data), kweri ikiwa na sort 4 na watu 50 wako ndani hiyo ni kama giga 50, utazitoa wapi? Rudisha chini, ripoti peke yake uipe zaidi kwa SET LOCAL (inabadili ndani ya transaction hiyo tu). Na vm.overcommit_memory (mpangilio wa kernel, 2 inaizuia kuahidi memori kupita kikomo) iwe 2, memori ikigoma inafeli kweri hiyo tu kwa eror 53200, app yako iidake.

Muuliza: Duh, nilijua ni jumla! Nimeshusha 16MB

Jibu 1: Ukiweka overcommit_memory 2 angalia na vm.overcommit_ratio (asilimia ya RAM inayohesabiwa kwenye kikomo hicho), kawaida ni 50, bila swap (diski inayotumika kama RAM ya ziada) utabanwa kwenye nusu ya RAM