Naombeni ushauri, nawafundishaje wanafunzi matumizi ya neno OK?
Wakuu habari za muda huu. Nafundisha kingereza kidato cha pili, sasa wanafunzi wamenibana na neno OK wanataka kujua limetoka wapi na linatumikaje. Asili haina shida, lilitoka kwenye gazeti la Marekani la Boston Morning Post mwezi wa tatu 1839, waandishi wa kule walikua na mtindo wa kukosea spelingi makusudi alafu wanafupisha, ndo all correct (yaani yote sawa) ikawa oll korrect, kifupi OK, mwaka uliofuata wafuasi wa rais wa Marekani Van Buren wakalidaka kwenye kampeni maana rais huyo kwao ni mji wa Kinderhook, wakawa wanamwita Old Kinderhook, kifupi nayo OK. Hapo darasa zima lilinielewa.

Kazi ipo kwenye matumizi. Ukimjibu mtu OK umekubali, ila ukisema the food was OK Mwingereza anaelewa chakula kilikua cha kawaida tu, na wanafunzi wangu wanaandika hivo kwenye insha wakijua wanasifia. Mmoja kaandika my mother is OK akimaanisha mama ake ni mtu mzuri sana, iliniuma kumkata maksi.

Walimu wenzangu mlitumia mbinu gani wakashika hiyo tofauti? Na kwenye barua rasmi niwakataze kabisa? Mi naona wakatazwe.