Acheni kuziita timu ndogo za langalanga "wasindikizaji". Njooni niwaambie Manor walivyouawa

Wakuu, salaam. Nina dukuduku tangu Jumapili na leo nalitema.

Tulikuwa tumekaa kibarazani kwa jirani, Formula 1 inaendelea, mara gari la mwisho likapungiwa bendera ya bluu lipishe wakubwa. Bwana mmoja, shabiki wa Ferrari wa kurithi, akapiga funda la soda akasema: "Hawa wasindikizaji wangeondolewa tu, wanajaza barabara." Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza, maana kiti nilichokalia ni cha mwenye nyumba na kisimbuzi ni cha mwenye nyumba. Humu hakuna mwenye nyumba, kwa hiyo tusikilizane.

Tarehe 13 Novemba 2016, Interlagos, São Paulo. Mvua ya kumwaga. Gari la usalama linaingia na kutoka, bendera nyekundu mara mbili, madereva wanateleza kama wako kwenye utelezi wa bamia. Wengi mnaikumbuka siku ile kwa Verstappen alivyopanda kutoka nyuma mpaka nafasi ya tatu. Sawa, kijana aliendesha, sina ubishi. Lakini kulikuwa na vita nyingine ya kufa na kupona, ya timu mbili za mkiani, ambayo runinga haikujisumbua nayo. Manor walikuwa na pointi 1 ya msimu mzima, aliyoichuma Pascal Wehrlein kule Austria. Sauber walikuwa na sifuri. Manor wa kumi, Sauber wa kumi na moja, na mbio zimebaki hizo na moja nyingine tu.

Esteban Ocon, ndani ya Manor, akawa anaelea mle mle kwenye kumi bora wanaopata pointi, maana kwenye maji bei ya gari haionekani sana. Felipe Nasr, ndani ya Sauber, yuko nchini kwao, ameng'ang'ania nafasi yake kama kondakta kwenye mlango wa daladala. Mizunguko ya mwisho Ocon akapitwa, akapitwa tena, akamaliza wa 12. Nasr wa 9. Pointi 2. Hesabu ikapinduka hapo hapo: Sauber wa kumi, Manor mkiani.

Kwa asiyejua: enzi zile za Bernie Ecclestone, bosi wa Formula 1, kapu la zawadi lilikuwa linagawiwa kumi wa kwanza. Wa kumi na moja hayumo kwenye mgawo. Makadirio ya wakati ule yalisema tofauti ya nafasi hiyo moja ni zaidi ya dola milioni 10. Kwa Mercedes hiyo ni hela ya kubadilisha bawa la mbele. Kwa Manor ilikuwa mishahara, injini na nauli. Januari 2017 wakawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi, mnunuzi hakupatikana, na kabla mwezi haujaisha wafanyakazi zaidi ya 200 wakaambiwa waende nyumbani. Fundi aliyekuwa anabadilisha tairi Interlagos kwenye mvua ile alikuwa anaitazama ajira yake inapita barabarani, imo ndani ya gari la mwenzake.

Na waliowamaliza ni nani? Siyo Ferrari wala Red Bull. Ni Sauber, ambao mwaka huo huo mishahara ilikuwa inachelewa na timu ikaokolewa kwa kuuzwa mwezi Julai. Maskini kamnyang'anya maskini tonge, na matajiri walikuwa wameshakula kabla taa za kuanzia mbio hazijazimwa. Hapa simtanii mtu, mikataba ndivyo ilivyokuwa: Ferrari walikuwa na fungu lao la ukongwe, na Red Bull, Mercedes na McLaren nao walikuwa na mafungu yao maalumu, wawe wa kwanza au wawe wa tisa. Mwaka 2014 Ferrari hawakushinda hata mbio moja. Fungu lao liliguswa? Thubutu!

Sasa turudi nyuma kidogo, maana Manor wana historia na pointi mbili.

Mwaka 2009 Max Mosley, rais wa FIA (shirikisho la michezo ya magari duniani) wakati huo, alitangaza kikomo cha matumizi cha pauni milioni 40 kwa msimu wa 2010. Watu wakashawishika. Ndipo zikaja Lotus ya Malaysia (baadaye Caterham), Virgin (baadaye Marussia, kisha Manor) na HRT ya Hispania. Timu kubwa zikatishia kujitenga na kuanzisha ligi yao, kikomo kikafutwa. Yaani umealikwa harusini ukaambiwa mchango elfu kumi, umeshashona nguo, kufika mlangoni kadi ni laki tano. US F1, mwalikwa wa nne, wao hawakufika hata mlangoni. HRT walikufa mwishoni mwa 2012. Caterham 2014 walikosa mbio mbili, wakapitisha bakuli mtandaoni mashabiki wachange ili wafike Abu Dhabi. Timu ya Formula 1, jamani, inachangisha kama msiba.

Katika zote tatu, iliyowahi kupata pointi ni moja tu. Monaco, Mei 2014, Jules Bianchi. Alimpita Kobayashi wa Caterham pale Rascasse, kona ambayo hata pikipiki mbili zinaombana radhi, akavuka mstari wa nane, adhabu ya sekunde tano ikamshusha hadi wa tisa. Pointi 2, kando ya bandari iliyojaa mashua za mabilionea. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi, likienda joshi ni Mungu kupenda. Siku ile lilienda.

Oktoba mwaka huo huo Bianchi akagonga mashine ya kuondolea magari Suzuka, Japani, kwenye mvua. Hakuamka tena, akafariki Julai 2015. Wiki chache baada ya ajali timu ikawa mikononi mwa wafilisi. Kiwanda chao cha Banbury wakakichukua Haas, timu nyingine. Lakini zile pointi mbili za marehemu ziliwaweka wa tisa, juu ya Sauber waliotoka kapa, na pesa ya nafasi ile ndiyo iliyowafufua 2015. Walifika Melbourne na magari yakabaki gereji, kwa sababu kompyuta zao zilikuwa zimeshafutwa data zote tayari kwa mnada. Msimu mzima wakakimbia na injini ya Ferrari ya mwaka uliopita. Halafu mtu ameegemea kiti cha watu anasema wanajaza barabara.

"Basi wawe na kasi, watalipwa." Hili nalo nimelisikia. Haya, Force India. Mwaka 2016 wa nne, 2017 wa nne tena, na kiwanda chao kilikuwa hapo mbele ya lango la Silverstone. Wanawapiga McLaren, wanawapiga Williams, wanawapiga Renault wenye kampuni ya magari nyuma yao. Julai 2018 wakafilisika. Wa nne kwa ubora duniani, mara mbili mfululizo! Aliyeipeleka timu mahakamani ni dereva wao mwenyewe, Sergio Pérez, aliyekuwa anawadai mamilioni ya dola, na alisema alifanya hivyo ili timu isifungwe kabisa. Kundi la tajiri Lawrence Stroll likainunua, ajira 405 zikapona, ila pointi zote 59 za msimu zikafutwa wakaanza upya Ubelgiji. Leo mnaiita Aston Martin, na hakuna anayewaita wasindikizaji. Force India na Sauber walikuwa wameshapeleka malalamiko Tume ya Ulaya tangu 2015 kuhusu mgawo huu. Kesi ikasota, mwaka 2018 wakaiondoa.

Na Lotus ya Enstone je, siyo ile ya Malaysia? Agosti 2015 dereva wao Grosjean anapanda jukwaani Spa, Ubelgiji, wa tatu, na wikiendi hiyo hiyo maofisa wa mahakama wanayanyemelea magari kwa sababu ya deni. Mwezi uliofuata, Suzuka, wakafungiwa nje ya eneo lao la chakula kwa kutolipa bili. Mafundi wa Formula 1 wamesimama nje na mvua kama watoto waliorudishwa ada. Desemba Renault wakainunua kwa pauni 1. Naona kuna watu watauliza kama hiyo ni typo. Siyo.

Sasa najua mdau fulani ameshaanza kuandika kwamba hayo ni ya zamani, siku hizi kuna kikomo cha matumizi. Ndiyo, kilikuja 2021, dola milioni 145, kikashuka 140 na 135. Kimesaidia, sikatai. Lakini mishahara ya madereva haimo, ya wakubwa watatu wanaolipwa zaidi haimo, matangazo hayamo. Red Bull walivuka mwaka wa kwanza tu, wakapigwa faini ya dola milioni 7 na kupunguziwa majaribio ya aerodinamiki. Halafu 2022 na 2023 wakachukua ubingwa.

Kikomo pia hakifuti njaa ya miaka iliyopita. Waangalieni Williams. Mataji 9 ya timu, ushindi 114, familia ikalazimika kuuza 2020. Melbourne, Machi 2024, dereva wao Albon akapiga ukuta Ijumaa, na chasisi ya akiba hakuna. Hakuna! Ikabidi mwenzake Sargeant, ambaye hajamgusa mtu, ashushwe kwenye gari lake apewe Albon. Albon akamaliza wa 11, yaani bila pointi. Bosi wao James Vowles ndiye aliyesema alikuta vipuri kama 20,000 vinafuatiliwa kwenye Excel. Kuna duka la spea hapa mtaani kwetu lina mfumo bora kuliko huo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba timu zilizokuwa zinalia jana ndizo zilizokaa mlangoni leo. Mkataba wa 2021 uliweka ada ya dola milioni 200 kwa timu mpya, zigawiwe zilizopo kama fidia ya mgawo kupungua. Andretti, Mmarekani mwenye timu ya mbio za magari, akaja na General Motors kama mbia, Januari 2024 akakataliwa. General Motors walipokuja wenyewe kama wenye timu, kwa jina la Cadillac, mlango ukafunguka kwa 2026. Mkulima mdogo haruhusiwi sokoni, mpaka mwenye lori aje mwenyewe.

Na runinga mnisamehe, lazima niseme. Nalipia kifurushi kwa jasho, na mtu akipigania nafasi ya 14 dakika kumi nzima namwona sekunde nne, halafu turudi kwa kiongozi anayezunguka peke yake. Mdhamini gani ataweka nembo kwenye gari lisiloonekana? Ndiyo maana viti vinakwenda kwa madereva wanaokuja na mifuko ya wadhamini.

Nimalizie ya Nasr. Shujaa wa Sauber, aliyewaletea mamilioni kwenye mvua, mdhamini wake alijiondoa na kiti akakikosa. Unajua alipewa nani? Wehrlein, wa Manor, timu iliyouawa na pointi za Nasr. Nasr hajaendesha mbio za Formula 1 tena. Msimu wa 2017 Sauber walivuna pointi 5, zote za Wehrlein, wakamaliza wa mwisho kabisa na wakalipwa pesa ya nafasi ya kumi bila jasho, kwa sababu timu zilikuwa zimebaki kumi.

Bwana wa soda, kama umo humu, jibu hapa chini. Jumapili ijayo nakuja na kiti changu mwenyewe.