Naomba ushauri: mpira wa bolingi wa kuanzia, pauni 14 au 16?

GumbaZito: Wakuu habari zenu. Nimeanza bolingi mwaka huu na mipira ya ukumbini imenichosha. Leo tundu la gumba linabana, wiki ijayo linapwaya. Nataka wangu. Nichukue pauni 14 au 16? Naambiwa mzito ndio unaoangusha pini. Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa tafadhali.

MamaStraiki: Pauni 16 ndio mwisho unaoruhusiwa, zaidi ya kilo 7. Mchezo mmoja unaweza kurusha hadi mara 21. Ukicheza mitatu, piga hesabu mwenyewe mdogo wangu.

MzeeWaMfereji: Mimi nilichukua 16 kwa ubishi na shemeji. Mchezo wa pili mkono ukaanza kutetemeka, mpira ukawa unahamia mferejini kila nikirusha. Shemeji hadi leo ananikumbusha kwenye harusi za watu.

FundiMatundu: Uzito si swali la kwanza, mkuu. Kwanza matundu. Mpira uliotobolewa kwa kipimo cha mkono wako unauona mwepesi, maana huuminyi ili usidondoke. Huko kuminya ndiko kunakovimbisha gumba. Pili ganda. Anayeanza achukue plastiki, inakwenda moja kwa moja. Ganda la rezini hushika pale mafuta yanayopakwa kwenye njia ya kurushia yanapoishia, mpira ukakata kona, na hujajua bado kuituliza. Kwa nini Ijumaa?

GumbaZito: Ijumaa namalizia malipo. Mfanyakazi mwenzangu ananiuzia wake, 16, rezini. Nusu nimeshatoa. Lakini hauna ufa, na nimeuona ukikata kona vizuri mno.

TulizaMoyo: Biashara na mtu mnayeonana naye kila siku, ndugu yangu! Ukiharibika mtaacha hata kusalimiana. Nimeyaona.

FundiMatundu: Matundu yalitobolewa kwa mkono wa nani? Na mkono wako una tatizo lolote?

GumbaZito: Wa kwake. Tunalingana urefu lakini. Kifundo cha mkono nilivunjika mwaka jana, kimeshapona, sidhani kama kinahusika.

MamaStraiki: Hukuona kama hilo ndilo la kuanza nalo?

SinaHaraka: Wadau, hii chai. Tulianza na pauni, ikaja nusu ya malipo, sasa mfupa umevunjika. Kesho mtawekewa picha na namba ya simu. Huyu ndiye muuzaji.

MzeeWaMfereji: Muuzaji gani anasema mpira wake umetobolewa kwa mkono wa mtu mwingine?

SinaHaraka: Na anayeanza amejuaje kwamba unakata kona vizuri?

GumbaZito: Aliurusha yeye, mimi nilikuwa nimekaa pembeni. Sitangazi kitu. Miezi mitano sikuweza hata kufunga vifungo vya shati. Jumamosi ya bolingi ndiyo iliyonitoa ndani, ndiyo maana nataka wa kwangu. Nilipoushika, vidole viwili viliingia hadi kiungo cha kwanza tu, nikadhani ni vinene.

SinaHaraka: Basi samahani mkuu. Pole kwa mkono.

FundiMatundu: Si vinene. Huo umetobolewa wa kushika kwa ncha za vidole, ndivyo wanavyoshika wanaouzungusha sana. Anayeanza kwa kawaida huingiza hadi kiungo cha pili, mpira ukakaa mkononi. Kwako ni 16, ncha za vidole, na kifundo kilichovunjika. Kitakachoubeba ni hicho kifundo.

GumbaZito: Matundu yakizibwa na kutobolewa upya?

FundiMatundu: Inawezekana, ni kazi ya kawaida. Ila utabaki na 16 ileile na rezini ileile. Nenda ukumbini kabla ya Ijumaa, chukua wa pauni 12, cheza michezo mitatu. Kesho yake asubuhi tuambie kifundo kimeamkaje. Na aliyekutibu muulize kuhusu uzito.

GumbaZito: Sawa, naenda kesho. Ila ile nusu sijui naanzaje kumwambia.