Mizani ya magari bado iko kwenye DOS: tuhamie FreeDOS au tuachane nayo?

Sengerema_Pamba
Habari za leo wakuu. Kiwanda cha kuchambua pamba, mizani ya magari ya tani 60. Programu ya tiketi iliandikwa kwa Clipper (lugha ya zamani ya programu za DOS), iko kwenye MS-DOS 6.22, mfumo endeshi wa zamani wa Microsoft, Pentium III yenye diski ya IDE ya GB 6.4. Kiashiria cha mizani kinaingia COM1 (poti ya serial), tiketi zinatoka LPT1 (poti ya printa) kwenye printa ya utepe, nakala tatu. Diski imeanza kugonga. Msimbo chanzo haupo mezani, tuna .EXE (programu yenyewe) na mafaili ya DBF (ya data). Mmoja anashauri FreeDOS, yaani DOS huria, kwenye kompyuta mpya, mwingine anasema mfumo unaotunzwa na watu wa kujitolea hauna kesho. Msimu wa kununua pamba unakaribia. Tushike lipi?

Kirumba_RS232
Mkuu, kwanza zima hiyo mashine. Diski inayogonga, kila ukiiwasha unaipunguzia siku. Usiendeshe SCANDISK (kikagua diski cha DOS), maana inaandika juu ya diski inayokufa. Ichomoe, iunge kwenye kompyuta yenye Linux kwa adapta ya IDE kwenda USB, tazama jina lake kwa lsblk, kisha nakili diski nzima iwe faili la mizani.img:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb mizani.img mizani.map

Hilo faili la .map lina kazi kubwa. Ndilo linaloweka kumbukumbu ya sehemu zilizokwisha kusomeka, kwa hiyo umeme ukikatika katikati, unarudia amri ileile na inaendelea ilipoishia. Ukilipoteza unaanza upya, na diski huenda isikusubiri.

Sasa hoja ya kesho. Jim Hall alitangaza mradi wa FreeDOS mwaka 1994, Microsoft ilipoonyesha kwamba inaiacha DOS. Toleo 1.0 lilitoka 2006, 1.3 likatoka 2022, na 1.4 Aprili 2025. Mwendo ni wa taratibu, lakini miaka 30 imepita na kazi haijasimama, na leseni ya GPL inamruhusu yeyote kuipokea pale wengine watakapochoka. Kwa upande huo sina wasiwasi hata kidogo.

Kinachotoweka ni BIOS, programu ya msingi iliyo kwenye bodi ya kompyuta. DOS haizungumzi na diski moja kwa moja, inaiomba BIOS kupitia huduma ya INT 13h. Kibodi kupitia INT 16h. Skrini INT 10h. Kompyuta nyingi mpya zina UEFI (mrithi wa BIOS) peke yake, na Intel ilikwisha kutangaza kuondoa ile sehemu ya kuigiza BIOS ya zamani ifikapo 2020. Ukichomeka flashi ya FreeDOS kwenye mashine ya namna hiyo, haiwaki kabisa, na watu wanailaumu FreeDOS bure.

Njia inayodumu ni QEMU (programu inayoigiza kompyuta nzima) juu ya Debian (aina ya Linux). Ndani yake imo SeaBIOS, BIOS huria inayotunzwa hadi leo:

qemu-system-i386 -m 32 -drive file=mizani.img,format=raw -serial /dev/ttyS0 -parallel /dev/parport0

Mtumiaji aingizwe kwenye makundi ya dialout na lp, la sivyo poti zitakataa. Fanya kazi kwenye nakala ya mizani.img, ile ya asili usiiguse.

Nyegezi_486
Naunga mkono, ila kabla ya msimu nisingetegemea njia moja. Hiyo Pentium III ikiwa bodi yake ni nzima, ipe kadi ya CompactFlash ya GB 4 na adapta ya IDE. CF inaongea IDE yenyewe, haihitaji dereva. Adapta nyingi zinataka umeme wa plagi ndogo ya flopi, watu wanaisahau halafu wanasema kadi ni mbovu. Sehemu ya diski isizidi GB 2, kwa kuwa DOS 6.22 inajua mfumo wa mafaili wa FAT16 tu. FDISK, iwekee alama ya kuwaka, FORMAT C: /S, halafu XCOPY. Badilisha na betri ya CR2032: ikiisha, saa hurudi 1980 na tiketi zinatoka na tarehe hiyo.

Fungua pia feni. Wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku hujaa kwenye feni ya umeme hadi inakwama.

Sengerema_Pamba
Asanteni sana. Kompyuta mpya haina COM wala LPT. Adapta za USB zitafaa?

Kirumba_RS232
Kwa COM zinafaa, chukua yenye chipu halisi ya FTDI. Usiandike ttyUSB0, kwa sababu namba hubadilika ukichomeka kingine. Tumia njia iliyomo /dev/serial/by-id. Ukivuka kwa kivuko cha Kamanga kuja mjini Mwanza, beba kebo yenyewe. Viashiria vingi vinatumia pini 2, 3 na 5 tu. Skrini ikibaki tupu, jaribu kubadilishana 2 na 3. Ukiona herufi za ovyo, waya ni mzima, kasi ndiyo hailingani: soma menyu ya kiashiria, kwa mfano 2400,E,7,1. Mstari mzuri unafanana na huu:

ST,GS,+0018460kg

ST maana yake uzito umetulia. Ikija US, gari bado linatikisika na programu nzuri haikubali kurekodi.

Kwa LPT nunua kadi ya PCIe. Kwenye DOS tupu ingekusumbua, kwa sababu haikai kwenye anwani 378h ambayo programu za zamani huitafuta. Chini ya Linux dereva anaishughulikia, na QEMU inaionyesha DOS kama LPT1 ya kawaida.

DBF_Igoma
Nyongeza ya Clipper. Ukihamia FreeDOS na ujumbe wa kushindwa kufungua faili ukatokea, weka FILES=60 kwenye FDCONFIG.SYS. Ukiweka kwenye CONFIG.SYS haitabadilika kitu, FreeDOS inaangalia FDCONFIG.SYS kwanza. Faharasa za NTX (za kutafutia rekodi za DBF) zijengwe upya baada ya kuokoa diski, hata kama zinafunguka, maana faharasa iliyoharibika huficha rekodi kimyakimya.

Na mtafuteni aliyeiandika programu. Mkipata mafaili ya .PRG (msimbo chanzo), Harbour ni kikusanyaji huria kinachoelewa Clipper: hbmk2 mizani.prg, na programu inaendeshwa juu ya Linux bila DOS. Sehemu ya COM1 huenda ikaandikwa upya, kwa kuwa wengi walitumia maktaba za .OBJ zisizokubalika huko. Mtafuteni sasa, wakati bado mna DBF zote za kulinganisha.